Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii husemwa mara nyingi katika nyumba za Waswahili mgeni anapobisha hodi, na watu wengi hudhani kwamba maana yake ni moja tu, yaani siku afikapo mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku, na wenye nyumba nao wakabahatika kula kitoweo kizuri. Maana hiyo ni ya kweli, lakini si maana yote. Kuna kupona kwa aina nyingine ambako mgeni huwaletea wenyeji wake, nako ni kupona upofu wa mazoea.

Mtu aliyezoea mahali haoni tena palivyo. Mtu wa Mombasa aweza kupita mbele ya Ngome ya Yesu kila asubuhi kwa muda wa miaka ishirini, nayo ni ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, asiingie ndani hata siku moja. Mtu wa Nyeri hufungua mlango alfajiri akauona Mlima Kenya na theluji yake, akatazama tu kama mvua inakuja au haiji. Wote wawili wakiulizwa habari za vitu hivyo hujibu kwamba wanavijua tangu utotoni. Kumbe wanachokijua ni kuvipita.

Ndipo huja mgeni kutoka mbali, ndugu wa mama au mtoto wa shangazi, akanyosha kidole na kuuliza, "Kile ni kitu gani?" Hapo mwenyeji hutambua kwamba hana jibu.

Ndivyo ilivyompata karani mmoja wa mjini Naivasha mwaka 2018, alipotembelewa na mjomba wake kutoka Lamu. Habari zao zinafaa kusimuliwa, kwa maana katika siku tatu za matembezi yao yamo mambo ambayo kila mwenye kumchukua mgeni kwenda kuitazama nchi yampasa kuyajua.

MJOMBA AWASILI

Karani huyo alizaliwa Lamu, naye alikuwa amekaa Naivasha miaka tisa pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume, kijana wa miaka kumi na miwili. Mjomba alikuwa nahodha na mvuvi tangu ujana wake, mtu aliyekwisha kupita umri wa miaka sitini, mwenye maneno machache. Ilikuwa mwezi wa Aprili, pepo za kusi zinaanza kushika na bahari kuchafuka, wakati ambao wavuvi wengi wa pwani ya kaskazini hupandisha vyombo vyao nchi kavu wakavitengeneza. Basi mzee akaona ni wakati mwafaka wa kwenda kumjulia hali mtoto wa dada yake.

Alisafiri kwa basi mpaka Mombasa, kisha akapanda garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, akashuka Nairobi ambako mpwa wake alikuwa akimngojea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama yako akusalimu sana."

Kutoka Nairobi walipanda matatu ya kupitia Limuru, na walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa mzee akaomba gari lisimame. Dereva alikuwa mtu mwema, akasimama mahali wasimamapo wasafiri. Mzee akateremka akashika ukingo kwa mikono miwili kama ashikavyo ubavu wa chombo. Chini yake nchi ilikuwa imekatika ghafula, na mbali kabisa tambarare ya kijivu imelala katika ukungu wa joto, na milima ya Longonot na Suswa imesimama humo kama visiwa.

"Mwanangu," akauliza, "bonde hili limechimbwa na nini?"

Karani alikuwa amepita hapo mara nyingi zisizo na hesabu. Alikohoa, akasema ni kazi ya Mungu. Mzee akajibu kwamba hilo analijua, bali aliuliza Mungu alitumia njia gani. Swali hilo lilikaa bila jibu mpaka jioni, na aliyelijibu alikuwa yule kijana, ambaye alikuwa amesoma shuleni kwamba ngozi ya dunia mahali hapo inavutwa pande mbili polepole sana kwa muda wa mamilioni ya miaka, ikapasuka, na sehemu ya katikati ikazama. Na kwamba katika nyufa hizo moto wa chini ulipata njia ya kutokea, ndiyo sababu ya volkano zilizopangana bondeni. Baba yake alisikiliza kwa makini kama mgeni.

Walipokuwa wakiteremka, mzee aliliona pia kanisa dogo lililo kando ya barabara chini ya mteremko, akaambiwa na abiria mmoja kwamba lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano, wale wale waliofanyishwa kazi ya kuijenga barabara hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mzee akasema kwamba mtu aliyefungwa mbali na kwao akajenga nyumba ya kuombea, huyo hakukata tamaa.

SIKU YA ZIWA

Asubuhi iliyofuata walikwenda ziwani, wakakodi mashua ndogo yenye injini. Mwenye mashua alikuwa kijana aliyezaliwa kando ya ziwa hilo. Mzee aliingia chomboni kwa wepesi uliowashangaza wote, akakaa mahali panapofaa pasipo kuambiwa, kisha akatia kidole majini akakionja.

"Maji baridi," akasema kwa mshangao. "Yanatoka kwa mto gani?"

Kijana akamweleza kwamba mito miingilio ni Malewa na Gilgil, lakini mto wa kutoka hauonekani kabisa. Mzee hakukubali upesi. Alisema maji yaingiayo yasitoke huacha chumvi yake nyuma, jua likiyakausha. Ndivyo wafanyavyo watengenezao chumvi pwani. Kijana akacheka kwa furaha, maana wageni wengi hawaulizi jambo hilo. Akajibu kwamba maziwa jirani, Elementaita na Nakuru, ndivyo yalivyo, yana magadi. Lakini Naivasha maji yake hupenya chini kwa chini ardhini, na kwa njia hiyo chumvi huchukuliwa. Ziwa lina mlango, ila mlango wake umefichika.

Waliona mafunjo yaliyosongamana kandokando, na wanandi wakianika mabawa yao juu ya miti mikavu iliyosimama majini. Furukombe mmoja aliruka, akashuka kama jiwe, akanyakua samaki. Mzee alimtambua mara moja, akasema, "Huyu yuko na kwetu." Kisha kijana akazima injini ghafula. Mbele yao, hatua kama hamsini, yalionekana masikio madogo na pua juu ya maji. Walikuwa viboko. Kijana aliizungusha mashua mbali, akaenda njia ndefu, wala hakukubali kusogea karibu ingawa karani alimwomba asogee kidogo ili mtoto aone vizuri.

"Muache," mzee akasema. "Kila maji yana wenyewe, na huyu ndiye ajuaye maji haya. Mimi nimeendesha vyombo miaka arobaini, lakini hapa ni abiria."

Karani aliyasikia maneno hayo, asiyatie maanani.

LONGONOT

Siku ya pili walikwenda kupanda Longonot. Mlima huo una urefu wa meta 2,776 juu ya usawa wa bahari, na jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mlima wa migongo mingi. Na kweli mbavu zake zimekunjamana kama nguo iliyokaushwa bila kunyoshwa. Kutoka langoni mpaka ukingo wa shimo la volkano ni mwendo wa kilometa tatu hivi, na mwenye kutaka kuuzunguka ukingo wote huongeza kilometa saba na zaidi.

Hapo karani alifanya kosa la kwanza. Waliondoka nyumbani wakiwa wamechelewa, wakafika langoni saa nne ya mchana, jua limekwisha kupanda. Naye alichukua chupa mbili ndogo tu za maji kwa watu watatu, akidhani kwamba njiani patakuwa na kijito. Juu ya Longonot hakuna kijito wala kisima. Njia yake ni vumbi la majivu ya volkano, tena vivuli ni haba.

Mzee alikuwa amebeba kikapu chake cha ukindu, na ndani yake mlikuwa na kidumu cha maji cha lita tano. Karani alipokiona alicheka. "Mjomba, twende matembezi tu, hatuvuki kwenda Uarabuni."

Mzee hakujibu, akaendelea kubeba kikapu chake.

Walipofika ukingoni chupa zote mbili zilikuwa tupu tangu zamani, na kijana midomo yake imekauka. Lakini kwanza wote walisahau kiu. Shimo la volkano lilikuwa wazi mbele yao, kubwa, kuta zake zimesimama wima pande zote. Na chini, mahali ambapo mtu angetazamia kuona mawe yaliyoungua, palikuwa na msitu wa kijani umejaa toka ukuta hata ukuta, kana kwamba mtu amemwaga msitu katika bakuli. Hapa na pale mvuke mwembamba ulitoka katika nyufa. Mlima umelala, haukufa. Inakadiriwa kwamba ulitapika mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Upande wa pili waliliona ziwa la jana liking'aa, na mji wa Naivasha mdogo kama mkeka ulioanikwa. Karani aliitafuta ofisi yake asiione.

Ndipo mzee akafungua kidumu. Hakumpa mtu kidumu kizima anywe apendavyo. Alipima kwa kifuniko, kifuniko kimoja kimoja, akianza na mtoto, na baada ya kila mzunguko akafunga. Karani alitaka waendelee kuuzunguka ukingo mpaka kileleni, kwa kuwa ndivyo alivyowaahidi. Mzee akatikisa kidumu, akasikiliza sauti ya maji yaliyobaki, akasema, "Haya ni maji ya kurudia." Wakarudi. Karani aliteremka akiwa ameshukuru moyoni, lakini pia ameona haya kidogo, kwa maana mgeni ndiye aliyekuwa amemtunza mwenyeji. Haya hiyo ndiyo iliyomharibia siku ya tatu.

SIKU YA TATU

Karibu na Naivasha, upande wa kusini wa ziwa, iko mbuga iitwayo Hell's Gate, iliyotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Ni moja kati ya mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baisikeli katikati ya wanyama. Wote watatu walikodi baisikeli. Mzee alikuwa hajapanda baisikeli muda mrefu, akayumba kidogo mwanzoni, kisha akashika njia.

Waliona punda milia, kongoni, na twiga watatu wakivuka barabara pasipo haraka. Karibu na lango umesimama peke yake mwamba mrefu uitwao kwa jina la Fischer, daktari Mjerumani aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Wenyeji wana hadithi yao: husema mwamba ule ni binti wa Kimaasai aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa asigeuke nyuma, akageuka kuwatazama jamaa zake kwa mara ya mwisho, akawa jiwe. Mzee alimtazama binti huyo kwa muda, akasema, "Maskini, aliaga tu." Mbali zaidi waliona mawingu meupe ya mvuke yakipanda juu ya vilima vya Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 mvuke wa chini ya ardhi unatumika kutengeneza umeme.

Baada ya mwendo wa zaidi ya saa moja wakafika mahali ambapo siku hizo baisikeli ziliachwa, na watu waliteremka kwa miguu katika korongo la Ol Njorowa. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, maji yake yalitoka kwa njia hiyo kwenda kusini, yakaukata mwamba. Mahali pengine kuta zimekaribiana hata mtu aweza kuzigusa zote mbili kwa mikono iliyonyoshwa, na juu mbingu huonekana kama utepe mwembamba. Katika kuta hizo hutiririka maji ya moto.

Hapo juu walikuwapo vijana wa Kimaasai wanaojua korongo hilo, ambao siku hizo waliwaongoza wageni kwa ujira mdogo. Kijana mmoja alikuja kwa adabu akamwamkia mzee, akasema atawapeleka. Mzee akamtazama mpwa wake. Karani, ambaye alikuwa hajaingia korongoni hata mara moja katika miaka yake tisa, alikumbuka kidumu cha jana, akanyosha mabega. "Ahsante, ndugu," akasema. "Sisi ni wenyeji. Mtu akiwa kwake haulizi njia."

Wakateremka peke yao.

KORONGONI

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kijitojito cha maji safi, kina chake hakifiki kwenye kifundo cha mguu, kilipita juu ya changarawe. Mtoto alitangulia, akiruka kutoka jiwe hata jiwe. Palikuwa na baridi ya kupendeza. Mbele yao kulikuwa na kundi jingine la watalii kutoka Nairobi, akina baba na akina mama pamoja na msichana mdogo, nao wakicheka na kupiga picha.

Mzee alikuwa nyuma. Alisimama akaelekeza kidole juu ya ukuta. Katika ufa, juu kuliko kimo cha mtu mrefu, yalikuwa yamekwama majani makavu na vijiti na kipande cha gunia.

"Taka zile zimepandaje huko?" akauliza.

"Labda ni viota vya ndege, mjomba."

Mzee hakusema neno, lakini tangu hapo hakutazama tena kuta wala mbingu. Alitembea akitazama miguu yake. Baada ya dakika chache akasimama tena, akainama, akateka maji kwa kiganja. Maji yale yaliyokuwa meupe yalikuwa yamegeuka rangi kidogo, kama maji yaliyooshewa kikombe cha chai. Kijani cha mleleshwa kilipita kikielea, kisha kijiti, kisha vijiti viwili. Upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ukapuliza usoni mwao kutoka ndani.

"Turudi," mzee akasema.

"Mjomba, tumebakisha kidogo tufike kwenye maji ya moto. Na tazama, mbingu ni nyeupe."

"Sitazami mbingu. Natazama maji."

Karani alisitasita. Alikuwa ametoa fedha yake, amemwahidi mtoto. Jana walirudi kabla ya kufika kileleni, na leo tena warudi nusu ya njia? Mtu anayetaka kuonyesha nchi yake hapendi kugeuzwa mara mbili. Alifungua kinywa apate kusema neno jingine. Lakini mzee, ambaye tangu afike hakuwahi kupaza sauti, alipiga ukelele kwa sauti ile inayotumika kuwaita mabaharia juu ya mawimbi, na kuta za korongo zikairudisha pande zote: "Mjukuu wangu! Rudi! Rudi sasa hivi!"

Kijana, ambaye alikuwa amekwisha kupotea nyuma ya kona, akatokea akikimbia. Mzee akawaita na wale wa Nairobi. Mmoja wao alitaka kujua kuna nini, mzee akamwambia, "Maji yanakuja, bwana. Mshike mtoto wako utangulie." Wakapita mmoja mmoja mahali pembamba, wakafika penye vidato vya kupandia. Yule msichana mdogo alipandishwa mkono kwa mkono. Mzee alikataa kupanda kabla ya wote kwisha. Aliposhika kidato cha kwanza maji yalikuwa yamefika magotini mwake, nayo hayakuonekana tena kuwa maji ila uji wa udongo.

Haikupata robo saa tangu alipoinama kuteka maji kwa kiganja, mara ulisikika mngurumo kama wa malori mengi yakipanda mlima. Kisha korongo likajaa. Maji mekundu yalipita yakibeba matawi na shina zima la mti, na mawe yakigongana chini yake kwa sauti ambayo waliisikia katika nyayo za miguu. Yalipanda ukutani mpaka yakafikia zile taka zilizokwama, yakazichukua, yakaacha nyingine. Juu ya vichwa vyao jua lilikuwa likiwaka.

Karani alimshika mtoto wake bega asiweze kusema kitu. Alikuwa akitazama ile kona.

Yule kijana wa Kimaasai alikuja mbio na kamba mkononi. Alipoona wote wako juu alihesabu watu, akahesabu tena, kisha akamgeukia mzee. "Baba, nani amekufundisha korongo letu?"

"Silijui korongo," mzee akajibu. "Najua maji yanapobadilika rangi."

Kijana akawaeleza kwamba mvua hunyesha huko vilimani, mbali, mahali ambapo mtu aliye chini haoni. Na kwa kuwa kuta za vilima ni mwamba, maji hayazami bali hukimbilia yote mahali pamoja. Ndiyo sababu viongozi hutazama mawingu ya milimani tangu asubuhi, na huulizana kwa simu na jamaa zao waishio huko juu, kabla ya kumteremsha mgeni. Habari hiyo ingempata karani kwa ujira mdogo sana.

YAPASAYO KUJUA

Hayo si mambo ya kutisha watu ili wakae majumbani. Mafuriko ya ghafula yaliua vijana katika korongo hilo mwezi wa Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua tena watu waliokuwa matembezini. Wengi wa waliopotea walikuwa watu waliotoka kwa furaha siku ya mapumziko, pamoja na ndugu na rafiki zao, kama alivyotoka karani huyu. Na yafaa kuangalia kwamba Septemba si mwezi wa masika. Mvua haifuati kalenda ya mtu.

Kwa hiyo mwenye kumchukua mgeni kwenda kuitazama nchi na aanze yeye mwenyewe kuitazama. Na afike mahali hapo siku moja kabla, au aulize waliofika. Kama ni mlima, aondoke alfajiri, naye achukue maji ya kwenda na maji ya kurudi, akiyahesabu kwa mtu mmoja mmoja wala si kwa kukisia. Kama ni korongo au bonde la mto, aulize habari za mvua, si ya hapo alipo tu bali ya kule yatokako maji. Na akiona maji yamebadilika rangi, au majani na vijiti vimeanza kuelea, apande juu papo hapo, asingoje kusikia mngurumo. Kama wako watu wanaojua mahali pale, awachukue awalipe haki yao. Hakuna aibu katika kuongozwa. Nahodha wa miaka arobaini alikaa kimya katika mashua ya kijana wa ziwani, na heshima yake haikupungua.

Tena na amsikilize mgeni wake. Mtu atokaye pwani haijui milima, lakini anajua maji. Atokaye milimani haijui bahari, lakini anajua baridi na mawingu. Na mkulima wa Trans Nzoia atajua nyasi zipi zimefunika shimo. Kila mzee huja na elimu yake ndani ya kikapu, na wenyeji wengi hawamwombi akifungue, kwa kuwa wanadhani yeye ndiye aliyekuja kujifunza.

Mzee alikaa Naivasha majuma mawili mengine. Kabla ya kuondoka alitaka kurudi Hell's Gate, na walirudi, siku ambayo kiongozi alisema panafaa, na kiongozi mwenyewe akatangulia mbele. Waliyaona maji ya moto. Mzee alitia mkono, akautoa upesi, akacheka sana.

Mwaka uliofuata, habari za Septemba 2019 zilipotangazwa katika redio, ilikuwa usiku, na karani alikuwa akila chakula na jamaa yake. Simu ikalia kutoka Lamu. Mzee hakungoja kuamkiwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa, mjomba. Twala."

Pakawa kimya kidogo, na katika kimya hicho ilisikika sauti ya bahari.

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Haya, kuleni. Na mkija Lamu Desemba, mimi ndiye mwenyeji. Mtauliza njia."